Namba Haivuki Mto

Liko neno moja lisemwalo katika madarasa mengi, na katika vibaraza vya nyumba nyingi wakati wa jioni, ambalo twaona lafaa kupingwa waziwazi. Neno lenyewe ni hili: ya kuwa namba ikivuka alama ya sawasawa hugeuka, ya kujumlisha ikawa ya kutoa, na ya kutoa ikawa ya kujumlisha. Watoto hulikariri kama wimbo. Walimu huwarithisha wanafunzi wao kama walivyorithishwa wao. Wazazi waliosoma zamani hulikumbuka hata leo, ijapokuwa wamekwisha kusahau mengine yote ya hesabu. Nasi twasema ya kuwa neno hili, kwa jinsi lifundishwavyo, ni sababu moja kubwa ya watoto wetu kushindwa na hesabu za herufi, zile ziitwazo aljebra. Wala haliko peke yake. Linao ndugu zake, nao tutawataja mmoja mmoja.

Twaandika haya tukiwa Mabibo, katika viunga vya Dar es Salaam, mahali palipokuwa zamani ndani ya Kinondoni na sasa pamo katika Wilaya ya Ubungo. Mtu akipita kwetu hawezi kusema ya kuwa elimu i mbali nasi. Hapa kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambako vijana hujifunza ufundi wa magari na wa ndege. Hapa kuna mabweni makubwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila asubuhi mtoto wa Mabibo aendaye shule hupishana njiani na watu waliozishinda hesabu. Lakini mtoto huyo huyo, apewapo kazi ya nyumbani yenye herufi x ndani yake, huona kama amepewa barua ya lugha asiyoijua. Ndugu zetu wa mashamba wasidhani mambo haya ni ya mjini tu. Mlinganyo wa Mabibo na mlinganyo wa Masasi ni mmoja, na machozi ya mtoto ni yale yale.

Tazameni hesabu za nchi nzima. Katika mtihani wa kidato cha nne unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, tangu mwaka 2019 hata mwaka 2022, waliofaulu hisabati walikuwa kama 20 tu katika kila watoto 100. Mwaka 2023 walipanda wakafika kama 25. Maana yake, hata katika mwaka huo ulio bora, watoto watatu katika kila wanne walirudi nyumbani na alama ya kushindwa. Je, twaweza kuamini ya kuwa watoto watatu katika wanne hawana akili? Mkulima akipanda shamba, na mashimo matatu katika manne yasiote, hasemi mbegu zote ni mbovu kabla hajautazama mkono uliopanda. Basi na tuutazame mkono uliopanda.

Neno la kwanza yatupasa kuonyesha ya kuwa hesabu za herufi si jambo geni. Mwanamke aendaye soko la Mabibo, pale watu wapaitapo Mahakama ya Ndizi, amenunua mafungu 3 ya ndizi na mfuko wa shilingi 200. Ametoa jumla shilingi 3,200. Njiani jirani amwuliza, "Fungu moja ni bei gani?" Naye bila kalamu wala karatasi ajibu, "Elfu moja." Amefanyaje? Kwanza ameuondoa mfuko katika fedha zote, zikabaki 3,000. Kisha amezigawanya kwa mafungu 3. Mwanamke huyu amefumbua mlinganyo, ingawa hakuuita kwa jina hilo. Mwalimu angeuandika hivi:

3x + 200 = 3,200
3x + 200 − 200 = 3,200 − 200
3x = 3,000
3x ÷ 3 = 3,000 ÷ 3
x = 1,000

Angalieni mistari hii vizuri. Ni wapi 200 ilipovuka? Haikuvuka popote. Mama aliondoa bei ya mfuko katika vitu alivyonunua, na kwa hiyo alipaswa kuiondoa katika fedha alizotoa pia. Maana vitu na fedha vilikuwa sawa, na lililo sawa likipunguzwa upande mmoja sharti lipunguzwe na upande wa pili, ama si sawa tena. Hii ndiyo mizani. Alama ya sawasawa ni mti wa mizani, na pande mbili za mlinganyo ni sahani zake mbili. Ukitoa kilo upande huu, toa kilo upande ule. Ukigawanya huku kwa tatu, gawanya na kule kwa tatu. Sheria ni hiyo moja tu, na mtoto wa darasa la sita aliyeona mizani ya muuza unga anaijua tayari.

Alama yenyewe ya sawasawa ina habari yake. Aliyeibuni ni Robert Recorde, tabibu na mwalimu wa hesabu mzaliwa wa Wales, katika kitabu alichochapa London mwaka 1557. Alichagua mistari miwili iliyolala sambamba, yenye urefu mmoja, akieleza ya kuwa hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Hakuchora mto wala daraja wala mpaka wa nchi. Alichora usawa. Sisi ndio tuliougeuza usawa huo kuwa mto, tukawaambia watoto namba huvuka na kubadili nguo zake ng'ambo.

Labda mtu atasema, "Mbona mnagombana na maneno? Kuvusha huleta jibu lile lile, tena kwa haraka." Twamjibu hivi. Kwa mtu aliyekwisha kuelewa mizani, kuvusha ni kufupisha, wala hatumzuii. Lakini kwa mtoto asiyeijua mizani, kuvusha ni uchawi, na uchawi hauna mipaka. Mwambieni mtoto ya kuwa namba ikivuka hugeuka, kisha mpeni swali hili:

3x = 12

Ataivusha 3. Lakini igeuke iwe nini? Mmoja ataandika x = 12 − 3, apate 9. Mwingine atakumbuka ya kuwa alama hugeuka, agawanye kwa 3 ya kutoa, apate −4. Wa tatu atapata 4, ambalo ndilo jibu, lakini ukimwuliza sababu atasema, "Ndivyo ifanywavyo." Watoto hawa watatu wametii neno moja lile lile la mwalimu wao, wakafika vijiji vitatu mbalimbali. Je, kosa ni la miguu yao au la aliyewaelekeza? Lakini mtoto wa mizani hana shaka. Anajua ya kuwa 3x ni mafungu matatu, ya kuwa atakalo ni fungu moja, na ya kuwa sharti agawanye kwa tatu huku na huku.

Tena hekima hii ya mizani ni ya kale kuliko mistari ya Recorde. Jina lenyewe la aljebra latoka katika kitabu cha al-Khwarizmi, mtu wa elimu aliyekaa Baghdad zamani za khalifa al-Ma'mun, ambaye alitawala kati ya mwaka 813 na 833. Al-jabr maana yake ni kurudisha mahali pake kilichovunjika au kupungua. Na Waarabu walimwita muunga mifupa kwa neno la shina hilo hilo. Ikiwa upande mmoja umepungukiwa, aliongeza kiasi kile kile pande zote mbili. Ikiwa pande zote mbili zina kitu cha namna moja, alikiondoa sawasawa huku na huku, na tendo hilo aliliita al-muqabala. Wala hakuwa na herufi x wala alama zetu. Yote aliyaandika kwa maneno, hatua kwa hatua, kama mtu asimuliaye. Tena sehemu kubwa ya kitabu chake ilikuwa juu ya kugawanya mirathi. Basi mtu asiseme ya kuwa hesabu hizi zilitungwa ili kuwatesa watoto. Ziliandikwa ili ndugu wasigombane juu ya urithi wa baba yao.

Na kwa kuwa tumetaja mirathi, na tufanye hesabu moja ya namna hiyo. Mzee ana shamba. Nusu yake ameipanda mihogo, na theluthi yake ameipanda mahindi, nayo sehemu hizo mbili pamoja ni eka 10. Shamba lote ni eka ngapi? Watoto wengi huandika nusu ya x kujumlisha theluthi ya x, nao wako sawa mpaka hapo. Kisha hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wapate 2x juu ya 5, na mwisho x = 25. Wengine hujua kuzidisha kwa 6 ili kuondoa sehemu, lakini huzidisha upande wa kushoto tu, wakiusahau wa kulia, wapate x = 2. Njia ya mizani ni hii:

x/2 + x/3 = 10
6 × x/2 + 6 × x/3 = 6 × 10
3x + 2x = 60
5x = 60
x = 12

Sasa turudishe jibu mahali pake. Nusu ya 12 ni 6, na theluthi ya 12 ni 4. 6 na 4 ni 10. Imekubali. Turudishe na jibu la 25: nusu yake ni 12 na nusu, na hiyo peke yake imekwisha kupita 10. Turudishe na la 2: nusu yake ni 1, na theluthi yake haifiki hata 1. Kumbe mtoto angeweza kujua mwenyewe ya kuwa amekosa, bila mwalimu, bila kitabu, bila mtu mwingine awaye yote. Twawaomba mlishike jambo hili, maana tutalirudia. Katika masomo mengi mwanafunzi hungoja mwalimu amwambie kama amepata. Katika hesabu za herufi anaweza kujisahihisha mwenyewe. Na watoto wetu wengi hawakuambiwa kamwe ya kuwa wanayo mamlaka hiyo.

Ndugu wa pili wa hila ya kuvusha ni lile neno maarufu MAGAZIJUTO. Kila aliyesoma shule ya msingi katika nchi yetu analijua: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Nia yake ni njema, yaani kumkumbusha mtoto lipi litangulie. Lakini likishikwa kwa herufi zake bila maelezo humpoteza. Mpeni mtoto swali dogo kabisa:

10 − 4 + 3

MAGAZIJUTO yamwambia kujumlisha kwatangulia kutoa. Basi atajumlisha 4 na 3, apate 7, atoe katika 10, apate 3. Ameitii sheria, naye amekosa. Jibu ni 9. Mtu mwenye shilingi 10 akitumia 4, kisha akapewa 3, anazo 9, na hakuna muuza duka atakayemwambia anazo 3. Sehemu ya GAZI haidhuru, maana kutanguliza kugawanya kabla ya kuzidisha huleta jibu lile lile. Lakini JUTO, kama lisipoelezwa, huwa majuto. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa cheo kimoja, na hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Au tuseme hivi, na ndivyo bora: kila namba hutembea na alama iliyo mbele yake, kama mtoto ashikwaye mkono na mama yake. Ile 4 ina alama ya kutoa, na ile 3 ina alama ya kujumlisha. Mwenye kujua hivyo aweza kuzipanga apendavyo, 10 + 3 − 4, na bado atapata 9.

Ndugu wa tatu ni kosa la mabano yaliyotanguliwa na alama ya kutoa. Twaweza kusema bila hofu ya kuwa kosa hili limeangusha watoto wengi sana. Tazameni swali hili, ambalo ni la kawaida katika madaftari ya kidato cha kwanza na cha pili:

10 − 2(x − 3) = 4

Wako watakaotoa 2 katika 10 kwanza, wapate 8(x − 3) = 4, na mwisho x = 3½. Wako watakaofungua mabano waandike 10 − 2x − 6 = 4, na mwisho x = 0. Makosa yote mawili yana sababu, wala si ujinga. Wa kwanza amesoma kutoka kushoto bila kuona ya kuwa ile 2 ni mali ya mabano. Wa pili ameambiwa ya kuwa kutoa kwa kutoa ni kujumlisha, lakini hakuambiwa kwa nini, na jambo lisilo na sababu husahaulika upesi.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Fikirini ya kuwa mmeamriwa kutoa ghalani magunia mawili, na kila gunia limepungukiwa kilo 3. Ninyi kwa haraka mmetoa magunia mawili yaliyojaa. Je, hamkuzidisha kutoa? Mmezidisha kwa kilo 3 mara mbili, yaani kilo 6. Basi sharti mzirudishe ghalani kilo 6. Ndiyo maana huandikwa:

10 − 2x + 6 = 4
16 − 2x = 4
16 − 2x + 2x = 4 + 2x
16 = 4 + 2x
16 − 4 = 4 + 2x − 4
12 = 2x
6 = x

Turudishe: 6 kutoa 3 ni 3, mara 2 ni 6, 10 kutoa 6 ni 4. Imekubali. Lakini tukirudisha 0, tunapata 10 kujumlisha 6, yaani 16, wala si 4. Tukirudisha 3½, tunapata 9. Kila jibu la uongo limejishitaki lenyewe.

Mtu atasema mistari hii ni mingi mno. Twakubali ni mingi. Lakini wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Jahazi haliundwi kwa ubao mmoja. Na wahenga hao hao walisema, "Njia ya mwongo fupi." Mtoto aandikaye mistari saba leo ataandika minne baada ya mwezi, na miwili baada ya mwaka, kwa kuwa mingine imeingia kichwani mwake. Lakini mtoto afundishwaye kuandika miwili tangu siku ya kwanza hana cha kuingiza kichwani. Amepewa paa bila nguzo.

Sasa twafika kwa adui aliye mgeni zaidi. Zamani vilikuwapo vijitabu vya maswali yaliyokwisha kujibiwa, na hata sasa vyauzwa. Siku hizi imeongezeka simu. Mtoto huipiga picha kazi yake ya nyumbani, na kwa kufumba na kufumbua simu humwandikia jibu pamoja na hatua zote, kwa hati safi kuliko ya mwalimu. Kesho yake daftari lina alama za vema kutoka juu hata chini, na mzazi afurahi. Sisi hatuichukii simu. Mtoto aliyekwama mahali pamoja, akatazama hatua moja, akaifunika, akaendelea mwenyewe, ametumia simu kama mtu atumiavyo taa gizani. Lakini anakiliye yote ametumia taa kama mtu anayeitazama taa yenyewe. Macho yameng'aa, njia hakuiona.

Jina la mtaa wetu latosha kutufundisha jambo hili. Bibo ni tunda la mkorosho. Ni laini na tamu, mtoto hulichuma na kulila pale pale chini ya mti, lakini likilala siku moja mbili limekwisha kuharibika. Korosho yenyewe yaning'inia nje, ngumu, ina mafuta yanayounguza ngozi. Sharti ikaangwe na kubanguliwa kwa taabu. Lakini korosho ndiyo iwekwayo ghalani, na ndiyo iuzwayo ng'ambo. Jibu la kunakili ni bibo. Njia ndiyo korosho.

Wala tusiwalaumu watoto peke yao. Mwalimu asahihishaye jibu tu, asisome mistari iliyo juu yake, amewafundisha watoto kunakili hata kama mdomo wake wawakataza. Anajua vema ya kuwa mtihani wa kidato cha nne huwaagiza watahiniwa waonyeshe wazi kazi yote wanayoifanya, wala si jibu tu. Basi kwa nini kazi ya nyumbani isahihishwe kwa desturi nyingine? Nao mtihani wa darasa la saba wahusika katika lawama hii. Mwaka 2012 ulianza kusahihishwa kwa mashine, na maswali ya hisabati yakawa ya kuchagua herufi ya jibu. Kwa maswali ya namna hiyo hujui ni nani aliyekokotoa na ni nani aliyebahatisha. Mtoto aliyezoea kubahatisha kwa miaka saba hawezi kuanza kukokotoa siku aingiapo kidato cha kwanza.

Tena iko habari ya lugha. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, ila chache. Mtoto amejifunza neno mlinganyo, na mabano, na sehemu. Aingiapo sekondari, maneno yote hayo hubadilika siku moja yakawa ya Kiingereza, na hapo ndipo herufi nazo zinapozidi. Asiyeelewa hudhani ni hesabu iliyomshinda, kumbe ni lugha. Basi twawashauri wazazi: mtoto arudipo na kazi ya nyumbani, mwambieni akusimulieni kwa Kiswahili kila mstari, "Hapa nimetoa 4 pande zote mbili, kwa sababu kadha wa kadha." Si lazima mjue aljebra. Yatosha mwulize, "Kwa nini?" kila mstari. Akiweza kujibu, ameelewa. Akinyamaza, mmejua ni wapi alipokwama, na kesho atajua la kumwuliza mwalimu.

Twajua wako wazazi wasemao mbele ya watoto, "Hesabu si za ukoo wetu." Twawasihi waliache neno hilo. Aliyenunua mafungu matatu ya ndizi, akajua chenji yake kabla muuzaji hajaihesabu, hana ruhusa ya kusema hesabu si za ukoo wake. Mtoto akisikia hivyo hupata udhuru wa kuacha kabla hajajaribu, na hasara yake ni kubwa kuliko alama moja katika karatasi. Ufundi wa mitambo, upimaji wa ardhi, kazi za maabara, uhandisi wa barabara: milango hiyo yote ina kufuli, na hesabu ni ufunguo wake mmoja. Mtoto wa Mabibo akiishi karibu na chuo kifundishacho ufundi wa ndege, na asiweze kuingia ila kwa kuuza maji langoni pake, si neno dogo hilo.

Walimu wenzetu watasema, "Darasa lina watoto wengi mno, tutasomaje mistari ya wote?" Udhuru huu ni wa kweli, wala hatuupuuzi. Lakini twauliza: ni ipi iliyo nzito, kusahihisha majibu 10 yaliyonakiliwa, au kusoma swali 1 lenye njia kamili? Toeni maswali machache. Agizeni mambo matatu tu: kila mstari uonyeshe kilichofanywa pande zote mbili, alama za sawasawa zipangwe chini kwa chini, na mwisho jibu lirudishwe mahali pa x, ionekane kama limekubali. Kisha watoto wawili wawili wabadilishane madaftari, kila mmoja amsomee mwenziwe kwa sauti. Mwalimu apitaye katikati yao atasikia makosa mengi kwa dakika 10 kuliko atakayoyaona kwa kalamu nyekundu usiku kucha. Na yule atakayepata jibu baya kwa njia iliyo njema ila kwa kukosea kujumlisha mahali pamoja, apewe haki yake. Na yule aliye na jibu zuri bila njia, asipewe kitu mpaka ajieleze.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuyasema. Na kwa kuwa maneno bila kazi hayajengi, twawaachia wasomaji wetu swali moja, wazazi na watoto pamoja:

7 − 3(x − 2) = 1

Jibu lake hatutalichapa, wala mwezi huu wala mwezi ujao. Halina haja ya kuchapwa. Kila mtu afanye hatua zake, apate namba yake, airudishe mahali pa x, atazame kama upande wa kushoto umekuwa 1. Ikiwa 1, amepata, hata kama dunia nzima yasema amekosa. Isipokuwa 1, na arudi mstari kwa mstari mpaka aone ni wapi mizani ilipoinama.